Jino la Pembe si Dawa ya Pengo

Wahenga wametuachia methali isemayo kwamba jino la pembe si dawa ya pengo. Walimu wengi huifundisha methali hii pamoja na nyingine katika orodha ndefu. Mwanafunzi huikariri, huieleza kwa maneno mawili matatu, kisha huisahau mara mtihani unapokwisha. Maana yake ni kwamba kilichopotea hakirudishwi na badala yake, hata kama badala hiyo ni ya thamani kubwa. Mimi nimeizoea methali hii kwa namna nyingine, kwa sababu ninafundisha Kiswahili mahali ambapo pembe zilipita kwa wingi zamani, na mapengo yangali yakionekana vinywani mwa watu hata leo. Mahali hapo ni Rejaf, kando ya Mto Naili, mwendo mfupi kusini mwa mji wa Juba katika Sudan Kusini.

Nia ya makala haya ni kuzungumza juu ya utunzaji wa kinywa na meno. Huenda msomaji akauliza: mwalimu wa lugha ana shughuli gani na meno ya watu? Hayo si ya mganga? Swali hilo ni la haki. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba seremala hunoa randa yake na mkulima hunoa jembe lake, kwa kuwa bila chombo kizima hapana kazi. Chombo cha kazi yetu ni kinywa. Mwalimu hufundisha kwa kinywa, na mwanafunzi hujifunza kwa kinywa kabla hajashika kalamu. Basi haifai tukifundishe kinywa kusema sawasawa huku tukikiacha kioze.

Kwanza nieleze habari za mahali penyewe. Rejaf hutambulika kwa kilima chake cha mawe, kilichochongoka kama lundo la nafaka, ambacho wasafiri wa mtoni hukiona kutoka mbali. Mwaka 1897 majeshi ya Dola Huru ya Kongo yaliwashinda Wamahdi hapa, na nchi hii ikawa sehemu ya eneo la Lado lililokuwa chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Baada ya mfalme huyo kufariki mwishoni mwa mwaka 1909, eneo hilo lilirudishwa Sudan mwaka 1910, na katika kipindi hicho wawindaji wa tembo walimiminika kutoka kila upande kutafuta pembe. Ndiyo maana nasema kwamba pembe tunazijua.

Lakini kwa watu wa lugha, Rejaf ina sifa nyingine iliyo kubwa zaidi. Mwezi wa Aprili mwaka 1928 ulifanyika hapa mkutano uliowakusanya maofisa wa elimu, wamisionari na wataalamu, akiwemo Profesa Diedrich Westermann, ili kuamua lugha gani zitumike katika shule za Sudan ya kusini. Zilichaguliwa Kibari, Kidinka, Kinuer, Kishilluk, Kilotuho na Kizande, na wajumbe wakakubaliana pia juu ya namna ya kuziandika kwa herufi za Kirumi. Miezi miwili baadaye, Juni 1928, ulifanyika Mombasa mkutano mwingine, ule uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mwalimu wa Kiswahili anayefundisha Rejaf basi anasimama baina ya mikutano miwili ya mwaka mmoja, na yote miwili ilihusu jambo lile lile: sauti zitokazo vinywani mwa watu, na alama zinazofaa kuziandika.

Hapo ndipo meno yanapoingia. Katika tahajia ya Kidinka na ya Kinuer, herufi th na dh huandika sauti zinazotamkwa ulimi ukigusa meno. Nao Wadinka na Wanuer, pamoja na Wabari wa hapa Rejaf na jamaa zao wengi wa bonde la Naili, walikuwa na desturi ya kuwang'oa vijana meno ya mbele ya chini. Kwa hiyo watu ambao lugha zao zina sauti za meno ndio hao hao waliopunguza meno yao. Jambo hili linastaajabisha mpaka utakapochunguza kinywa cha mzee akisema: ulimi wake huegemea meno ya juu, nayo yapo yote. Lugha ilijitafutia njia.

Nimelitaja jambo hili kwa kusudi. Tangu Sudan Kusini ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, haja ya Kiswahili imeongezeka, na darasani mwangu huja watu wa kila aina: wafanya biashara wanaokwenda kununua bidhaa Uganda kupitia Nimule, vijana waliokulia katika kambi za wakimbizi nchini Kenya na Uganda, na wazee wenye hamu tu ya kujua. Siku moja mzee mmoja wa Kidinka aliamkia darasa, akasema, "Jamani, nimepika." Alitaka kusema kwamba amefika. Vijana walicheka, na mmoja akanong'ona kwamba kosa ni la pengo. Nilimwomba kijana mwingine wa Kidinka, mwenye meno yake yote thelathini na mawili, asome sentensi ile ile ubaoni. Naye akasema, "Nimepika." Darasa likanyamaza. Kidinka hakina sauti ya f wala ya s. Basi msemaji wake, awe na pengo au asiwe nalo, huchukua sauti iliyo jirani. Hilo halihusiani na kung'olewa meno, wala si kithembe. Mwalimu asiyelijua hili huweza kumwaibisha mzee wa watu bure.

Hata hivyo sitaki msomaji adhani kwamba hali ya meno haina uzito wowote katika kujifunza lugha. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja, dereva wa bodaboda, aliyeandika vizuri kuliko wengi. Insha zake zilikuwa safi, lakini kila nilipomtaka asome kwa sauti, alikiziba kinywa kwa kiganja na kusema kwa ufupi, au alijifanya hakusikia. Kwa muda nilimwona mwenye haya. Kisha akanieleza mwenyewe, tukiwa wawili tu, kwamba magego yake mawili yameoza, yanamwamsha usiku, na anajua kwamba kinywa chake kinanuka. Alikuwa akiyatuliza kwa karafuu. Siku alipopata fedha alikwenda mjini akang'olewa yote mawili. Baada ya jeraha kupona alianza kusoma kwa sauti, na sauti yake ilikuwa nzuri. Lakini alikuwa amenyamaza kwa zaidi ya nusu mwaka, na chakula sasa hukitafuna upande mmoja. Hakuwa na umri wa miaka thelathini.

Nikitafakari habari hizi naona kwamba katika nchi zetu tumezoea tiba moja ya meno, nayo ni kung'oa. Tulikuwa na kung'oa kwa desturi, tuna kung'oa kwa maumivu, na tuna kung'oa kwingine kubaya zaidi nitakakokueleza hivi punde. Kila kimoja kina sababu zake, wala si vema kuvichanganya.

Kung'oa kwa desturi kulikuwa alama ya kukua na ya kuwa mtu wa kabila lako. Waluo wa Kenya, ndugu wa watu wa Naili, waling'oa meno sita ya chini na kuiita desturi hiyo nago. Wamasai nao waling'oa mawili ya kati. Wazee hutoa pia sababu ya manufaa: mtu akipatwa na pepopunda, taya zikajifunga, aliweza kunyweshwa maji au maziwa kupitia pengo. Kwa vyovyote, lilikuwa jambo lililofanywa mbele ya watu, likiwa na maana, na kijana alijivunia. Siku hizi limepungua sana. Wako Wadinka na Wanuer waliohamia Marekani kwa ukimbizi, wakakaa Nebraska, ambapo baadhi yao waliwaendea madaktari wa meno wakiomba wawekewe meno ya bandia pale yalipokuwa yameng'olewa. Huko alama iliyokuwa fahari imegeuka kuwa kitu cha kutazamwa na wageni, na tena matamshi ya Kiingereza na kula viliwasumbua. Simlaumu aliyeng'oa wala aliyetaka kujaza. Ninachosema ni kwamba jino la bandia, pamoja na gharama zake zote, ni jino la pembe.

Kiswahili chenyewe kinajua kupambanua katika jambo hili. Tuna mwanya na tuna pengo. Mwanya ni nafasi baina ya meno ambayo mtu huzaliwa nayo, nao huhesabiwa kuwa uzuri. Pengo ni nafasi iliyoachwa na jino lililotoka. Macho ya haraka huona kitu kimoja, lakini lugha imeviweka mbali, kwa kuwa cha kwanza ni neema na cha pili ni hasara. Na asiyebakiwa na jino hata moja tunamwita kibogoyo.

Sasa nifikie kung'oa kule kubaya. Jioni moja, wanafunzi walipoondoka, mama mmoja alibaki nyuma. Mgongoni alikuwa amembeba mtoto wa miezi minane, naye mtoto alikuwa na homa na kuharisha kwa siku ya tatu.

"Mwalimu," aliniuliza, "yale meno mabaya yanayowaua watoto, kwa Kiswahili yanaitwaje?"

Nilifahamu anachokiuliza. Katika sehemu nyingi za Sudan Kusini, Uganda, Kenya, Tanzania na kwingineko, mtoto mchanga akipatwa na homa, kutapika au kuharisha, wapo wanaomfungua kinywa na kutazama ufizi. Pale ambapo chonge linajiandaa kutoka huonekana uvimbe mdogo mweupe. Huambiwa kwamba huo ndio ugonjwa, kwamba mna mdudu au jino la uongo. Basi huitwa bibi au mzee mwenye ujuzi huo, akaupasua ufizi kwa spoki ya baiskeli, kisu au ukucha, akaitoa mbegu ya jino ambayo bado ni laini. Wataalamu waliiandika desturi hii miongoni mwa watu wa Naili tangu miaka ya 1930. Uganda ya magharibi huyaita meno hayo ebiino. Tanzania, ambako imani hii ilienea sana katika miaka ya 1980, yaliitwa meno ya plastiki, na wengine wakayaita meno ya nailoni.

Walimu wenzangu, hebu tulitazame jina hilo. Hapana plastiki yoyote kinywani mwa mtoto. Lakini jina lilipokwisha kupatikana, ugonjwa nao ukaonekana kuwapo. Plastiki ni kitu kigeni, hakiozi, hakimo mwilini mwa binadamu. Anayesikia kwamba mwanawe ameota plastiki hawezi kutulia mpaka itolewe. Neno lilifanya kazi ambayo ushahidi haukuweza kuifanya. Matokeo yake ni mtoto aliyekwisha kupungukiwa na maji mwilini kuongezewa jeraha, damu kutoka, uchafu kuingia, na mara nyingine pepopunda au kifo. Akiokoka, huenda jino lake la ukubwani likaota limeharibika au lisiote kabisa, kwa maana mbegu yake ipo karibu na ile ya utotoni. Na muda ule ambao angepewa maji ya chumvi na sukari umepotea.

Nilimjibu mama yule, "Mama, hapo hapana jino baya. Hilo huitwa chonge. Ni jino la mwanao, lingali ndani ya ufizi, nalo litatoka wakati wake utakapofika."

"Mbona pamevimba?"

"Pamevimba kwa sababu linakua. Kinachomsumbua mtoto kipo tumboni. Mpeleke zahanati leo hii."

Alitazama chini, akasema, "Mama mkwe amekwisha kumwita bibi wa kung'oa. Atakuja kesho alfajiri."

Nilifuatana naye hadi nyumbani, kwa kuwa si adabu mwanamke kijana kutumwa peke yake kumpinga mama wa mumewe. Bibi alinisikiliza kwa heshima, kisha akaniambia jambo ambalo sijalisahau: "Mwalimu, mimi nimezaa saba. Wawili walikufa wakiharisha, na hao wawili hawakung'olewa. Watano waling'olewa, nao wako hai. Wewe unataka nifanye nini?"

Hoja yake ilikuwa na uchungu wa kweli ndani yake, na mtu hajibu uchungu wa namna hiyo kwa kumwambia mzee kwamba ni mjinga. Nilimwambia tu, "Bibi, mtoto aende zahanati kwanza. Jino halikimbii. Akirudi nalo lingalipo, mtalizungumza." Alicheka kidogo kwa neno hilo la jino kukimbia, akajitanda nguo yake, akafuatana nasi mwenyewe. Mtoto alipewa dawa ya kuongeza maji mwilini, na siku ya tatu akaanza kunyonya vizuri. Bibi wa kung'oa alipokuja, aliambiwa arudi siku nyingine.

Katika ua ule ule yupo mtoto wa jirani aliyemtangulia yule kwa miezi michache, ambaye aling'olewa. Alipona, Mungu ni mwema. Siku hizi watoto hawa wawili hucheza pamoja mlangoni. Wakicheka, mmoja ana machonge manne, na mwingine hana hata moja.

Kwa hiyo, kutunza kinywa kuna maadui wawili: maneno ya uongo na uvivu wa kila siku. La kwanza tumelitazama. La pili ni letu sote, wenye elimu na wasio nayo. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2022 kwamba karibu watu bilioni 3.5 ulimwenguni wana maradhi ya kinywa. Mengi ya maradhi hayo huzuilika kwa mambo madogo yanayofanywa nyumbani.

Nieleze kwanza jinsi jino linavyooza, kwa maana wanafunzi wengi huniambia kwamba jino limeliwa na mdudu. Mdudu wa kuonekana kwa macho hayupo. Vipo vijidudu vidogo mno vinavyokaa katika ukoga, yaani ule utando unaonata juu ya meno yasiyosuguliwa. Mtu akila sukari, vijidudu hivyo huila pia, vikatoa tindikali. Tindikali hiyo huyeyusha kidogo kidogo gamba gumu la nje la jino. Mate huitengeneza hasara hiyo yakipewa nafasi. Lakini mtu akinywa chai yenye sukari nyingi asubuhi, akarudia saa nne, akarudia saa saba, akarudia jioni, kama tulivyozoea wengi wetu hapa Juba chini ya miti ya akina mama wauza chai, meno hayapati nafasi ya kupumzika. Mara ngapi ni jambo kubwa kuliko kiasi gani. Afadhali kikombe kitamu pamoja na chakula kuliko vikombe vidogo mchana kutwa.

Ukoga ukiachwa pembeni mwa ufizi, ufizi huvimba na kutoka damu. Wengi wakiona damu huacha kupiga mswaki wakidhani wanajiumiza. Inafaa wafanye kinyume chake: wasugue kwa upole lakini wasiache, na damu isipokoma baada ya siku kadhaa waende kwa mganga wa meno.

Juu ya mswaki wenyewe, sisi watu wa Kiswahili tuna jambo la kujivunia. Neno hili lina asili ya Kiarabu, nalo kwanza lilikuwa jina la mti na la kijiti chake, mti unaoitwa na wataalamu Salvadora persica, unaoota katika nchi kavu za Afrika na Arabuni. Ulipokuja mswaki wa dukani wenye mpini wa plastiki hatukuutafutia jina jipya. Tuliuingiza katika nyumba ya zamani, ukabaki mswaki, wingi wake miswaki. Lugha ilielewa kwamba kazi ni ile ile. Shirika la Afya Duniani nalo mwaka 1986 lilihimiza matumizi ya kijiti hicho pale desturi ilipo. Kwa hiyo asiye na fedha ya mswaki wa dukani hana sababu ya kukosa kusugua meno. Akate kijiti kipya chenye unene wa kalamu, aondoe ganda nchani, akitafune mpaka nyuzi zitokeze, asugue kuelekea juu na chini, ndani na nje, kisha ncha ikichakaa aikate. Wengine hutumia mwarobaini, mti uliojaa Juba. Kinachofaa kuepukwa ni mchanga, majivu na makaa, kwa sababu vitu hivyo huling'arisha jino kwa kulikwangua.

Mwenye uwezo wa kununua dawa ya meno achague yenye floridi, kwa kawaida sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa milioni, kwa kuwa floridi hulipa gamba la jino nguvu ya kustahimili tindikali. Asugue mara mbili kila siku, kama dakika mbili kila mara, na mara moja iwe usiku kabla ya kulala, kwa maana usiku mate hupungua na meno hukosa mlinzi. Akimaliza ateme povu, asisukutue kwa maji mengi, ili dawa ibaki. Mtoto aanze kusuguliwa tangu jino la kwanza linapochomoza, kwa kawaida kuanzia umri wa miezi sita hivi. Dawa iwe kiasi cha punje ya mchele mpaka atimize miaka mitatu, kisha kiasi cha punje ya njegere. Wala tusiseme kwamba meno ya utotoni hayana maana kwa kuwa yatang'oka. Hayo ishirini ndiyo yanayowashikia nafasi yale ya ukubwani, na ndiyo mtoto anayojifunzia kusema.

Yote hayo nimeyaingiza katika masomo yangu ya kawaida, bila kuchukua saa hata moja ya sarufi. Njia niliyoiona kuwa nyepesi ni kiambishi hu-. Kila mwalimu anajua jinsi kiambishi hiki kinavyowasumbua wageni wa lugha. Hakina nafsi: mimi hupiga mswaki, wewe hupiga mswaki, watoto hupiga mswaki. Hakitaji jana wala kesho. Huonyesha tu kwamba jambo ni la mazoea. Kando yake ubaoni huandika kiambishi -me-: nimeng'oa jino. Hicho huonyesha tendo lililotimia, ambalo matokeo yake yangalipo. Mwanafunzi akivitazama viwili hivi bega kwa bega, huielewa tofauti kuliko kwa maelezo marefu. Kutunza ni kazi ya hu-, nayo haina siku ya kumalizika. Kung'oa ni kazi ya -me-. Hufanywa siku moja, na pengo hubaki.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza kama hu- ina ukanusho wake. Nilimweleza kwamba haina. Anayetaka kukanusha huirudisha nafsi na kusema sipigi, hupigi, hapigi. Akafikiri, akasema kwa Kiswahili chake kipya, "Basi, mwalimu, kufanya ni kwa watu wote, lakini kuacha kuna mwenyewe." Sikuwa na la kuongeza.

Napenda kutoa shauri kwa walimu wenzangu, hasa wanaofundisha mbali na miji mikubwa. Tunapofundisha viungo vya mwili tusiishie kwenye kichwa, mkono na mguu. Tufundishe jino na ufizi, chonge na gego, ukoga na mate, mwanya na pengo. Mama anayejua kwamba uvimbe ule mweupe ni chonge ana silaha ambayo yule anayejua tu "meno ya plastiki" hanayo. Aidha tusiwacheke wanaotamka kwa taabu, wala tusiwalazimishe kusoma kwa sauti kabla ya kujua kinachowafunga kinywa. Pengine si uzembe, ni maumivu. Na sisi wenyewe tutazame vinywa vyetu, kwa maana mwanafunzi humtazama mwalimu mdomoni kuliko mahali pengine popote.

Waliokutana Rejaf mwaka 1928 walijadiliana kwa siku kadhaa juu ya herufi za kuandikia sauti za watu wa hapa. Kazi yao ilikuwa kubwa, nasi tungali tukiitumia. Sauti zile zinahitaji bado ulimi, midomo na meno ya kuzitoa, na hivyo havitunzwi kwa mkutano. Vinatunzwa asubuhi na usiku, kwa kijiti au kwa mswaki, na kila mtu kwa mkono wake.